Aliyelala Hapa Usiku wa Kuamkia Sensa

Jumamosi ile mama yangu aliniona nimejitanda mtandio, nimebeba mfuko wa madaftari, akauliza ninakwenda wapi. Nikamwambia ninakwenda maktaba, Kilindoni, kusoma habari za sensa. Alikuwa amekaa barazani anasuka ukili wa mkeka, na vidole vyake havikusimama.

"Sensa si ile ya kuhesabu watu?"

"Ndiyo hiyo, Mama."

"Sasa watu si hawa hapa nje? Toka ukawahesabu. Unakwenda kuwatafuta kabatini?"

Gari lilikuwa linapiga honi barabarani, nikaondoka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Wakati huo nilikuwa nasoma shahada kwa njia ya masafa, maana yake nafundisha mchana na kusinzia juu ya vitabu jioni, na msimamizi wangu alikuwa Dar es Salaam, mtu ambaye hadi leo namjua kwa sauti tu. Mada yangu niliichagua mwenyewe kwa kiburi: kaya zinazoongozwa na wanawake katika wilaya yetu. Nilidhani ninaijua. Nikaandika kurasa kumi kwa siku mbili, nikazituma, nikakaa kusubiri pongezi.

Zilikuja kwa ujumbe wa sauti. "Mwalimu, nimesoma. Umeandika 'wanawake wengi sana' mara saba. Wengi ni wangapi? Umeandika 'inasemekana'. Inasemekana na nani? Nenda maktaba, anza na vitabu vya rejea, ujue sensa inasema nini na inasemaje. Nakupa wiki nne. Na usiniletee vya kuokota mtandaoni." Nyuma ya sauti yake niliwasikia watoto wakigombania rimoti. Nilifarijika kidogo kujua kwamba na yeye ana watu wasiomsikiliza.

Jambo ambalo sikumwambia msimamizi ni kwamba mada ile ilikuwa imekaa barazani kwetu inasuka ukili.

Baba yangu ana wake wawili. Mkubwa ni mama yangu, hapa Miburani. Mdogo yuko kisiwani Chole. Baba ni fundi cherehani, na alipooa mara ya pili aligawa kila kitu kwa haki kama dini ilivyomwelekeza: cherehani moja huku, nyingine kule, siku mbili huku, siku mbili kule. Miaka ya mwanzo ungeweza kupanga kalenda kwa zamu zake. Kisha cherehani ya huku ikaharibika, akaibeba kwenda kuitengeneza Chole, nayo haikurudi. Polepole na mwenyewe akaifuata. Kutoka Utende hadi Chole ni mwendo wa dakika chache kwa boti, lakini kwa baba yangu kipande kile cha ghuba kila wiki kilikuwa na kisa kipya: maji yametoka, boti limejaa, goti linauma, kuna sare za shule za kumaliza. Baba ni mtu mcheshi, mwenye maneno matamu, na hilo ndilo tatizo lake. Hata ukitaka kumkasirikia, anakuchekesha kwanza.

Mama hakuwahi kutamka kwamba mumewe amehama. Mgeni akiuliza, baba "katoka sasa hivi, mmepishana". Kila jioni alimpakulia sahani yake, akaifunika kawa, ikalala mezani. Asubuhi kiporo kile nilikila mimi kabla ya kwenda kufundisha, na naweza kusema bila kuongeza chumvi kwamba ndoa ya wazazi wangu imeninenepesha. Mtaa mzima ulijua. Lakini kujua ni jambo moja na kusemwa ni jingine, na heshima ya mama yangu ilikuwa imesimama juu ya kutosemwa. Sasa mimi bintiye ndiye niliyejitwika kazi ya kwenda kuuliza, kwa maandishi, wanawake gani wanaishi bila waume. Nilikuwa naogopa. Nilitaka shahada yangu, na sikutaka hata kidogo kuipata kwa kumvua mama yangu nguo hadharani.

Maktaba yenyewe ni chumba kimoja na nusu. Chumba kizima ni cha wanafunzi wanaokuja kupata feni. Ile nusu, iliyokatwa kwa kabati, ndiyo ya rejea. Ndani ya nusu ile alitawala mkutubi, mama wa Bara aliyehamishiwa kwetu zamani akasahau kurudi, mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba shingoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mikono."

"Naam?"

"Nioneshe mikono."

Nilikuwa nimekula muhogo wa kukaanga njiani. Akanielekeza bombani kwa kidole, mimi mwalimu ninayekagua kucha za watoto wa watu kila Jumatatu. Nilinawa, nikarudi, nikamwonesha pande zote mbili.

"Sasa sema unachotaka."

"Nataka takwimu za sensa."

"Ya mwaka gani?"

"Ya wilaya yetu."

"Hapo umenitajia mahali. Mimi nimeuliza mwaka."

"Ya mwisho, basi."

"Ndani yake unatafuta nini?"

"Wanawake wanaoongoza kaya."

"Kaya ni nini?"

Nikacheka. Nikamwambia kaya ni nyumba, kila mtu anajua. Hakucheka. Alivaa miwani yake, akatoa kamusi nene yenye utepe mwekundu mgongoni, akaiweka mbele yangu. "Kaa pale. Ukishajua unachouliza, njoo uniulize."

Jumamosi ya kwanza ikaishia hapo. Nilisoma kaya, nikasoma sensa, nikasoma takwimu, na kila neno likanisukuma kwa jirani yake, kama mtu anayeulizia nyumba ya msiba na kila mlango unamwambia mbele kidogo. Adhuhuri akaniletea ensaiklopidia iliyoanza kunuka ukungu, nikajifunza kwamba wafalme wa kale walihesabu watu kwa sababu mbili, kodi na vita. Nilipomsimulia mama jioni, alisema ndiyo maana yeye hakupenda tangu mwanzo.

Jumamosi ya pili nilikwenda na mbinu. Utepe mwekundu maana yake kitabu hakitoki, na mimi nilitaka kitoke, kwa sababu nyumbani nina kitanda na pale kuna benchi. Nikampelekea mkutubi pweza mkavu, mzuri, aliyefungwa kwenye gazeti. Alimpokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamnusa, akamweka chini ya meza. Nikasubiri kidogo ndipo nikaomba.

"Hakitoki," alisema.

"Hata hadi Jumatatu?"

"Mwanangu, pweza nimempokea kama zawadi. Kama alikuwa na kazi nyingine, mrudishe."

Nikaenda kukaa kwenye benchi. Siku ile alinipa atlasi, nikanung'unika kwamba mimi sifundishi jiografia. Akanishika mkono kama mtoto, akachukua uzi, akaulaza juu ya mpaka wa kata katika ramani ya zamani, kisha akaulaza tena kwenye ramani mpya. Uzi haukutosha. Mipaka inasogea, alisema. Kata hugawanywa, vijiji huhamishwa kwenye karatasi huku wenyewe wamelala. Ukichukua idadi ya sensa moja ukailinganisha na ya nyingine bila kutazama mipaka, utasema watu wamekimbia, kumbe ni kalamu iliyokimbia. Kwenye kurasa zangu kumi nilikuwa nimefanya kosa lile lile, tena kwa herufi nzito.

Baada ya atlasi ikaja orodha ya machapisho, ndani ya orodha nikapata majina ya vitabu vya sensa, na Jumamosi ya tatu hatimaye akaniteremshia kile chenyewe. Nilikipokea kwa hamu nikafungua katikati, kwenye majedwali. Akauondoa mkono wangu, akakirudisha mwanzo.

"Watu wa Bara na wa Pwani wote mna ugonjwa mmoja. Mnakimbilia jedwali. Jedwali bila maelezo ni mchuzi wa jirani, unaula lakini hujui kilichomo. Soma maelezo kwanza. Halafu nenda mwisho usome dodoso, uone watu waliulizwa nini. Majibu yasome ukishajua swali."

Nikasoma maelezo. Kaya, kumbe, si nyumba. Ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Nyumba moja inaweza kuwa na kaya tatu. Mkuu wa kaya si lazima awe mwenye nyumba wala mwenye kuleta chakula. Ni yule ambaye wenzake ndani ya kaya wanamtambua kuwa ndiye mkuu wao. Nililisoma hilo mara mbili, maana halikusema anayestahili, lilisema anayetambuliwa. Kisha nikafika kwenye kanuni inayobeba yote: kila mtu anahesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Si kwao alikozaliwa, si kwenye sanduku lake la nguo. Pale alipolaza ubavu.

Hapo nikaacha kusoma, kwa sababu niliikumbuka asubuhi ya sensa nyumbani kwetu.

Karani alikuwa msichana mgeni, mwenye kizibao cha kazi na kishikwambi alichokibeba kama sinia la chai. Mama alimketisha kwenye kiti kizuri. Akaulizwa mkuu wa kaya ni nani, akamtaja mumewe, jina kamili. Akaulizwa kama mkuu huyo alilala hapo usiku wa kuamkia leo.

"Sasa mume alale wapi, mwanangu?" alisema mama.

Yule binti aliona haya, akabonyeza kishikwambi. Akauliza yuko wapi sasa. "Katoka. Mmepishana." Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na birika mkononi, msomi mtarajiwa, shahidi wa kila kitu, na mchango wangu pekee katika zoezi lile la taifa ulikuwa kuuliza: "Nikuongeze sukari?"

Nikaenda kwenye jedwali la wilaya. Nikaiona safu ya kaya zinazoongozwa na wanaume na ile ya wanawake. Tarakimu zenyewe sitaziweka hapa. Anayezitaka anawe mikono aende. Nilichojua ni kwamba angalau kaya moja imekaa safu isiyo yake. Na kama ni moja, kwa nini isiwe mbili? Nikaanza kuhesabu kwa vidole majirani ambao waume zao "wametoka sasa hivi" tangu mimi niko sekondari. Vidole vikaisha nikiwa bado upande wetu wa barabara.

"Umeona nini?" aliuliza mkutubi.

"Nimeona kosa."

"La kitabu?"

"La mama yangu."

Alivua miwani. "Hilo halina rafu hapa," alisema, na kwa mara ya kwanza akanivutia kiti chake cha mto nikalie.

Nilirudi nyumbani na swali linaniwasha. Kama mama alimwandika baba huku, kule Chole ilikuwaje? Nilijiambia ni utafiti. Ulikuwa umbeya wenye daftari. Kwetu mtandao wa simu unapatikana uani peke yake, karibu na uzio, na hata hapo lazima uweke sauti ya nje ndipo usikie vizuri. Nikapiga simu kwa mama mdogo. Ananizidi miaka miwili, lakini ninampa shikamoo yake na yeye anaipokea bila kutetereka.

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Wazima huko?"

"Wazima. Mama mdogo, ile siku ya sensa, baba mlimwandika huko?"

"Ehe, tulimwandika. Kwani vipi, serikali inamtaka?"

"Hapana. Alilala huko usiku ule?"

Nikawasikia kuku wa Chole.

"Mwanangu, nikwambie kweli? Hakulala. Alikuwa huko huko kwenu Kilindoni, kwenye harusi ya binamu yake. Lakini karani wetu si mtoto wa hapa hapa? Ningesema hakulala, hata magharibi haijafika, kisiwa kizima kimejua kwamba karudi kwa mkubwa, mimi nimeachwa. Nikasema kalala, kaamka, katoka."

"Na huko harusini?"

"Huko ndiko walikomwandika mwenyewe yupo! Karudi hapa anacheka, eti safari hii serikali imemjua sawasawa."

Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema. Waliosema hawakumjua baba yangu. Hakuwepo mahali pawili, na pote pawili lake lilikuwepo. Mtu mwembamba yule, anayeweza kujificha nyuma ya mlingoti, kwenye hesabu ya taifa ni watu watatu, na wawili kati yao ni wakuu wa kaya. Nilicheka nikaegemea uzio. Kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu nilielewa kwamba usiku ule wanawake wawili walilala peke yao pande mbili za ghuba, kila mmoja akiamini kuwa baba yuko kwa mwenzake, au akiogopa majirani wataamini hivyo, na asubuhi kila mmoja akamtetea. Nilimuonea huruma mama mdogo kwa mara ya kwanza maishani, na nikakasirika kwamba namuonea huruma.

Nilipokata simu nikageuka. Mama alikuwa upande wa pili wa uzio, anaanua mbata zake za nazi. Makuti hayazuii sauti, hilo nalijua tangu utotoni.

"Mtandao mzuri leo," alisema, akaingia ndani na ungo wake.

Sikulala vizuri siku zilizofuata. Kwa ujinga wangu nilikuwa nimeshamdokeza msimamizi kwamba namfahamu mtu mwenye wake wawili aliyehesabiwa mara tatu, na sauti yake ikarudi imechangamka kama ya mtu aliyepata embe la kwanza la msimu. "Hapo hapo! Hiyo ndiyo sura yako. Kaya moja, mfano mmoja, uoneshe jinsi jibu linavyotengenezwa kabla halijafika kwenye jedwali. Bila jina, bila shaka." Bila jina! Kwetu Miburani kuandika bila jina ni sawa na kuandika na picha juu.

Nikajaribu kuandika sura bila mfano ule. Nilifafanua kaya, nikafafanua mkuu wa kaya, nikaeleza mipaka na uzi wa mkutubi, nikaonya wasomaji juu ya majedwali. Yote yalikuwa ya kweli, na hayakuwa na uhai. Kila nilipofika mahali pa kueleza kwa nini mwanamke amtaje mkuu ambaye hayupo, kalamu iligoma, kwa sababu jibu nililijua na halikuwa langu kulitoa. Wiki ikabaki moja. Nikaamua kwamba liwalo na liwe, nitapeleka sura iliyopooza, na nikikataliwa nitarudia mwaka. Mama ni mmoja, vyuo ni vingi.

Lilikuwa limebaki jaribio la dodoso. Msimamizi alitaka niyapime maswali yangu kwa kaya moja nione kama yanaeleweka, nami nilikuwa nimeyafuatisha yale ya sensa moja kwa moja. Jumapili baada ya adhuhuri nikajitanda mtandio nikaanza kuelekea kwa jirani.

"Wapi tena?" aliuliza mama kutoka barazani.

"Kwa jirani, kumuuliza maswali ya chuo."

"Kwa jirani? Na mimi nipo?"

"Mama, ni marefu."

"Mimi nina haraka gani?" Akanitazama. "Au yana nini hayo maswali, hata jirani aulizwe na mimi nisiulizwe?"

Nikasema hayana kitu. Nikarudi nikavuta kigoda. Akanizuia kwa mkono.

"Hivyo ndivyo wanavyoingia makarani kwa watu? Toka nje, uje vizuri."

Nikatoka, mwanamke mtu mzima, mwalimu, nikasimama kwenye jua mbele ya nyumba yangu mwenyewe na daftari kifuani. Watoto watatu ninaowafundisha walikuwa wanapita, wakasimama kutazama. Nikabisha hodi. Mama aliniacha nibishe mara ya pili ndipo akasema karibu. Alikuwa amebadilisha kanga, amevaa doti mpya, ile ya sikukuu, na ukili wake ameuweka mapajani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Karibu ukae. Umetokea wapi?"

"Chuoni."

"Mbali huko. Haya, uliza."

Nikauliza. Nyumba imeezekwa kwa nini. Akajibu bati mbele, makuti jikoni, na kwamba bati la pembeni linavuja na aandike hilo anayehusika. Maji mnapata wapi, mnapikia nini, wangapi wanakula pamoja. Aliyajibu kwa ufasaha, tena kwa Kiswahili cha redioni ambacho sijawahi kumsikia akikitumia nyumbani. Nilianza kufurahi. Nikasahau kidogo nilikokuwa naelekea, mpaka nikafungua ukurasa na kulikuta swali linanisubiri.

"Mkuu wa kaya ni nani?"

"Mume wangu."

Nikaandika. Mwongozo unasema karani habishani na anayemhoji, na siku ile nilishukuru kuwa kuna mwongozo.

"Alilala hapa usiku wa kuamkia leo?"

"Kalala."

Nikaandika ndiyo. Nikageuza ukurasa haraka niende kwenye mambo ya mifugo, lakini mama akaweka kiganja chake juu ya daftari.

"Mbona huulizi usiku wa kabla ya huo?"

"Hilo swali halimo, Mama. Sensa inauliza usiku mmoja tu."

"Wewe niulize."

Nikamtazama. Macho yake yalikuwa kwenye ukili.

"Usiku wa kabla ya huo, alilala hapa?"

"Hakulala."

"Na wa kabla yake?"

"Hakulala. Usisimame, rudi nyuma."

Nikarudi nyuma. Jumatano, hakulala. Jumanne, hakulala. Tukaimaliza wiki ile tukaingia nyingine, mimi nauliza na yeye anajibu, sauti yake haipandi wala haishuki, na ukili unarefuka mapajani. Nilipoona siku ni nyingi nikaanza kuuliza kwa miezi. Mwezi uliopita? Hakulala. Ramadhani? "Alifuturu hapa mara mbili. Hakulala." Wakati nilipokuwa nimelazwa na homa? "Alikuja kukutazama. Hakulala." Mwaka wa sensa? Hapo aliuma mwisho wa ukili kwa meno akaukata. "Hakulala," alisema. Machozi yalikuwa yananitoka, nayo yanadondokea kwenye daftari, na sikuyaficha. Yeye hakulia. Alionekana kama mtu anayetua mzigo kichwani, kwa uangalifu, asivunje kitu.

"Haya. Sasa rudi kwenye lile la usiku wa kuamkia leo."

"Alilala hapa?"

"Hakulala. Kata hilo ulilolijaza."

Nikalikata.

"Na lile la kwanza nalo, niulize upya. Uliza vizuri, kama karani."

Nikajifuta uso kwa ncha ya mtandio, nikakaa sawa.

"Mkuu wa kaya ni nani?"

Mama aliweka ukili chini. Akajifunga kanga yake vizuri, akanitajia jina lake mwenyewe, kisha la baba yake, kisha la babu yake, polepole, akisubiri kalamu yangu imalize moja ndipo alitaje jingine.